Kamba ya Kisima cha Mitaa Mitatu

Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma.

Huko Bara Hindi, mbali na reli, palikuwa na kijiji chenye mitaa mitatu. Juu walikaa wakulima, katikati wafinyanzi, na chini kabisa, upepo unakoishia, washona ngozi. Hao wa chini ndio waliokuwa wengi, lakini hawakuruhusiwa kugusa kamba ya kisima, eti kazi ya ngozi ni uchafu. Manjula, mke wa mshona ngozi, alisimama pembeni na mtungi wake tangu alipoolewa, akingoja mtu wa juu ammiminie. Siku nyingine alimiminiwa. Siku nyingine alirudi na mtungi mkavu.

Mwaka huo kisima kikakauka.

Sakhu, mjane wa mtaa wa juu, alikuwa na jicho la ardhi. Akiona nyasi zilivyolala, alijua maji yalipo. Yalikuwa chini ya shamba lake la dengu, na jingine hana. "Chimbeni," akasema. "Nitakula nini, nitajua mwenyewe."

Dhondi, mfinyanzi, alikuwa na mikono inayoujua udongo. Shimo lilipokuwa likibomoka, alifinyanga pete kubwa za kushikilia ukuta, akazichoma kwa kuni zake zote za mwaka, akashuka mwenyewe kuzipanga. Udongo ukamwangukia begani. Mkono wa upande huo haunyanyuki tena.

Manjula alijua kushona ngozi isivuje hata tone. Tope lilikuwa zito, ndoo zote zikapasuka. Nyati wake wa kufugwa, wa maziwa, alikuwa amekufa kwa kiu, na ile ngozi ndiyo angeiuza apate ndama. Akaikata, akashona ndoo. Ndiyo iliyotoa tope, ndiyo iliyopandisha maji ya kwanza, na watu wa mitaa yote wakanywa humo humo, hakuna aliyeuliza kaishona nani.

Lakini maji yenyewe machache! Anayetangulia alfajiri anapata safi, wa mwisho anakomba matope. Na msiniambie wapokezane: huko, atakayeshika kamba siku ya kwanza, mtaa wake hutangulia daima.

"Shamba ni langu," Sakhu akasema alfajiri iliyofuata, akaishika kamba.

"Lilikuwa shimo tu, dada, mpaka lilipokula bega langu," Dhondi akasema, naye akaishika.

Manjula akasogea. Mzee Ganpat wa mtaa wa juu akainua fimbo. "Wewe binti, ngoja kule. Utamiminiwa."

"Nimengoja mpaka mvi zimenitoka, bado mnaniita binti! Jana ulikunywa kwenye ngozi yangu, mzee, ndevu zikachuruzika. Leo imeingia uchafu gani?"

Mzee akajipapasa ndevu. Manjula akaikamata kamba.

"Mimi sikukatazi kushika, mwenzangu," Sakhu akasema polepole. "Ila nikikuachia, wanangu wapate matope na njaa pia?"

"Na mimi," Dhondi akasema, "nirudishie mkono, nikuachie."

Manjula akaikaza kamba mkononi.

Kunakucha. Nyuma yao mitungi mitupu, chini maji yametulia, na hakuna anayelegeza kidole.

Mnanitazama mimi? Mimi nimewaleta hadi kisimani tu. Haya, wewe uliyeegemea mlango: aliyetoa shamba, aliyetoa mkono, au aliyetoa ngozi baada ya kungoja miaka yote ile? Kamba ungemwachia nani?