Kilichopita Chini ya Mkeka

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Vita!"
"Na sufuriani?"
"Maji matupu!"

Basi tulieni. Nyie wa nyuma, acheni kutafuna, mtatutia uchungu.

Hapo kale wanyama wa bondeni walipigana na wanyama wa ng'ambo ya mto. Mashamba yakaungua. Mahindi yaliyobaki yakawekwa ghala moja, kila nyumba ikawa inapata kibaba kimoja kwa wiki, basi. Mpimaji alikuwa Ngiri. Bonde zima lilikonda, yeye akanenepa.

Kila siku ya mgao Ngiri alitangaza sheria ya ghala: "Kilichoanguka mkekani?"

Foleni ikaitikia: "Cha mpimaji!"

"Kilichopita chini ya mkeka?"

"Cha mfagiaji!"

Sasa oneni ujanja wake. Kibaba kikijaa, wapimaji wengine hukifuta juu kwa kijiti kilichonyooka. Yeye alikifuta kwa jino lake lile lililopinda. Kruuu! Nusu ya mahindi, puu, mkekani.

"Bwana Ngiri, hiki kibaba au kiganja?" akauliza Bi Buku, panya wa shimoni. Alikuwa na watoto saba, na yule kitindamimba alikuwa ameacha hata kulia. Hilo ndilo lililomchoma moyo. Mtoto anayelia njaa angalau ana nguvu.

"Haba na haba hujaza kibaba, mama. Ni vita! Mwingine!"

Bi Buku alilia njia nzima. Kesho yake akarudi na ufagio.

"Shikamoo, Bwana. Ghala lako chafu, naomba nifagie."

"Mshahara sina."

"Nitachukua kinachopita chini ya mkeka, kama sheria isemavyo."

Ngiri akacheka mpaka akapaliwa. "Vumbi? Chukua, mama, ukasongee ugali!"

Bi Buku akafagia, fya, fya. Akauinua mkeka, akauguguna, kru kru kru, tundu hapa, tundu pale. Chini yake akachimba njia mpaka nyumbani kwake. Kisha akautandika vizuri, akaenda zake.

Siku ya mgao ikafika. Ngiri akafuta kwa jino, kruuu! Mahindi yakaanguka, chororo, yakapotea. Akatazama mkekani: punje tatu.

"Aa! Sijafuta vizuri." Akazamisha jino zaidi. Kruuu! Chororo! Punje mbili.

Akazidi kufuta, mkeka ukazidi kuwa mtupu. Mwishowe akaufunua, akaliona shimo.

"Mwizi! Mwizi jamani!"

Bi Buku akatokea, ufagio begani. "Mwizi nani, Bwana? Kilichopita chini ya mkeka?"

Foleni ikaitikia: "Cha mfagiaji!"

"Sisikii!"

"CHA MFAGIAJIII!"

Siku hiyohiyo foleni ikahamia shimoni kwa Bi Buku. Kila nyumba ikapata kibaba kilichojaa, kimefutwa kwa mkia wake ulionyooka. Wa mwisho, kichwa chini, alikuwa Ngiri. Naye akapimiwa kibaba chake, sawasawa na wengine.

Ndani, kitindamimba akaangua kilio: "Mamaaa! Bado nina njaa!"

Bi Buku akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Lia, mwanangu! Lia, chungu kiko motoni!"

Fundisho, watoto wangu: waheshimuni wapimaji, msitoboe mikeka ya watu, na mkipewa ufagio, fagieni tu, mambo ya sheria msiyaulize. Mmesikia?

Ngano yangu imeanguka mkekani, imepita chini. Mwenye ufagio aichukue.