Kanda ya Elineema

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni ile ya juzi tu watu walipoanza kutupa redio kaseti, aliishi Ndungu, huko Upareni, mjane aitwaye Nakijwa. Marehemu mumewe, Elineema, aliimba besi katika kwaya ya kanisa. Wimbo mmoja aliuongoza yeye, na kanda yake ilikuwa moja tu.

Jumamosi moja Nakijwa hakutulia. Alikaa, akasimama. Alitoka, akarudi. Kesho yake ilikuwa Chakula cha Bwana, na kwao mtu haendi mezani na kinyongo, hupatana kwanza. Yeye alikuwa nacho, ila hakujua ni juu ya nani. Tangu mazishi, kila asubuhi aliusikiliza ule wimbo mtandaoni. Asubuhi hiyo simu ikamjibu: wimbo huu haupatikani.

Akamwita mwanawe, Mbonea.

"Mwanangu, baba yako yuko wapi?"

"Mama, ule wimbo wa baba mimi niliuweka mtandaoni usikike popote. Nikasema kanda za nini tena, zinajaza vumbi tu. Lakini kuuondoa sikuuondoa. Muulize mwalimu wa kwaya."

Akaenda kwa mwalimu wa kwaya, Sifaeli.

"Mama Mbonea, tumeurekodi upya. Ule wa zamani ulikwaruza, watu wakawa wanauchanganya na huu mpya. Nikaomba uondolewe. Nilijua kanda unayo. Mjane gani hana kanda ya mumewe?"

Neno hilo lilimchoma. Boksi la kanda alikuwa amempa jirani yake, Mama Hoza.

Akamfuata shambani, nusu akikimbia. Mpunga ulikuwa unakomaa. Juu yake utepe mweusi ulifungwa mti kwa mti, ukimeta na kuvuma kwa upepo, na kwelea kwelea hawakuthubutu kutua.

"Karibu, Mama Mbonea! Mwaka huu ndege wamenikoma!"

"Mama Hoza, utepe huo ni wa kanda zipi?"

"Si zile zako? Ulinipa kwa mkono wako. Ukasema, chukua zote, Mbonea kashaziweka kwenye simu. Ningejua mzee yumo humo, si ningewaachia ndege wale washibe?"

Alisema kweli. Nakijwa mwenyewe ndiye aliyemtwisha lile boksi bila kulifungua, maana kila akiliona alilia.

Jioni wote watatu wakaja kwake. Mbonea akasema, "Mwenye kosa aanze kuomba radhi, nami nitafuata." Sifaeli akasema vivyo hivyo. Mama Hoza naye vivyo hivyo. Nakijwa akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Wakaagana bila mtu kuanza.

Sasa Jumapili imefika, na wote wanne wameshavaa.

Je, nani alistahili kuanza: aliyesema kanda za nini tena, aliyefuta bila kuuliza, aliyepewa akatumia, au aliyetoa bila kufungua? Semeni upesi, jamani. Kengele ya kwanza imeshalia.