Kwa Nini Mchanga wa Mtondwe Hauondoki

Nimemwona mmoja wenu akijaza mchanga kwenye chupa. Simtaji. Kaeni kwanza hapo ufukweni, boti haiondoki bila mimi. Mimi Mwanamvua ndiye mlinzi wa hifadhi hii ya bahari, na ufunguo wa injini ninao mfukoni.

Huko nyuma kabisa, kabla nyanya za nyanya zetu hawajazaliwa, kisiwa hiki cha Mtondwe hakikuwa na mchanga hata wa kujaza kiganja. Kilikuwa jiwe tupu. Mawimbi yaliupiga mwamba mpaka nyumba zikatikisika, na kila mwaka bahari ilikula ua wa mtu. Naye pono, yule samaki mliyemshangilia leo kwa rangi zake, alikuwa wa kijivu kama jivu la jikoni, mdomo laini, hana lolote.

Mwaka mmoja bahari ikabomoa nyumba saba kwa siku moja. Wakubwa wa kisiwa wakakata shauri kwamba kabla maji makuu ya bamvua hayajafika, watu wote wahamie bara. Akakataa mwanamke mmoja tu, Mwanate, mchokoaji pweza. Mama yake alikuwa kipofu. Hapa Mtondwe alizijua njia zote kwa nyayo zake, akienda kisimani na kurudi peke yake. Bara angekuwa mtu wa kushikwa mkono mpaka kufa.

Siku chache kabla ya kuhama, maji yalipokupwa, wanaume walimwaga utupa, ile sumu ya majani inayolevya samaki, katika vidimbwi vya mwambani ili wapate kitoweo cha safari. Samaki wakaelea matumbo juu, watu wakawa wanaokota tu. Mwanate akasimama, mikono kiunoni.

"Mimi siokoti mlevi," akasema. "Samaki nitakayemla, nimshinde akiwa na akili zake."

Wakamcheka. Yeye akamzoa pono mmoja kwa tenga lake, akampeleka kwenye maji mazima, akamshika kichwa kikielekea mkondo mpaka akazinduka. Na huku amemshika alikuwa analia, akimsimulia habari za mama yake kama anayezungumza na shoga.

Pono alisikia yote. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumhesabu kuwa wa kushindana naye. Akaenda akauuma mwamba. Meno yakavunjika. Akauma tena, yakaota yakashikana, yakawa mdomo mgumu kama wa kasuku. Akatafuna mawe kutwa nzima, siku baada ya siku, na kuyatoa kwa nyuma yakiwa unga mweupe. Ndiyo, wageni wangu, mmekalia choo cha pono, na sisi hatuoni haya kusema!

Unga ule ukalundikana mbele ya nyumba. Bamvua likawahi kufika kabla watu hawajaondoka, lakini mawimbi yakaupanda mchanga, yakalegea, yakarudi yalikotoka. Mizigo iliyokwisha kufungwa ikafunguliwa. Mama yake Mwanate akashuka ufukweni peke yake, akaukanyaga mchanga kwa mara ya kwanza, akacheka.

Mwanate alimkuta pono amelala katika ufa wa mwamba, yuko hoi. Akavua leso yake ya sherehe, ya kijani, samawati na waridi, akamfunika. Rangi zikamwingia.

Na tangu siku hiyo pono ana mdomo wa kasuku na mavazi ya arusi, na kila alalapo hujifunika utando mwembamba, ndiyo leso ile, akalala fofofo kwa uchovu wa kazi yake. Sisi hatumvui akiwa usingizini, wala utupa haujaingia tena katika maji yetu. Wenye mabango ya hifadhi walipofika, walitukuta tumeshahifadhi. Na kila apandaye boti hukung'uta miguu kwanza, mgeni au mwenyeji, hata awe waziri. Mwanate ni wa ukoo wangu, ndiyo maana nasimama hapa kifua mbele.

Haya, maji yanajaa, tuondoke. Mwenye chupa ajue kwamba ameshika mahali ambapo mama mmoja kipofu aliweka mguu wake bila kushikwa mkono. Mimi nageuka kidogo kutazama bahari. Nikirudisha uso, nitahesabu watu, na chupa nitaikuta tupu.