Kokoto Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kiu, pakawa maji, na hesabu katikati!

Zamani, mjini Vumbani, zimwi lilikalia chemchemi. Likakalia, likakalia, likaziba kabisa. Watoto wakalia, mbuzi wakalia.

Likasema, "Nileteeni kokoto. Nitazipanga safu mbili, safu tatu, mpaka safu kumi. Kila nikipanga, safu zilingane. Ikibaki hata moja, siondoki! Nawapa siku tatu. Zikipita, chemchemi yangu milele."

Siku ya kwanza akaja Jumbe Shombwe, mkuu wa mji, kifua mbele. "Elfu moja! Hiyo ndiyo namba ya heshima!"

Zimwi likapanga. Safu mbili, sawa. Safu tatu... ikabaki moja!

"Heshima yako hiyo hapo, Jumbe, iokote!"

Siku ya pili akaja Maalim Kombo, msomi. "Zidisha moja kwa mbili, kwa tatu, mpaka kumi. Utapata milioni tatu, laki sita, ishirini na nane elfu na mia nane!"

Alipatia, jamani, msimcheke. Lakini nani azibebe? Waliokota mpaka jua likazama, hata laki haikutimia.

Siku ya tatu akaja Bi Mwanatumu, msusi wa mikeka.

"Msusi!" Jumbe akacheka. "Unajua nini wewe?"

"Najua mapambo, Jumbe. Pambo moja hurudi kila baada ya miyaa minane ya ukindu, jingine kila baada ya tisa. Yakianza pamoja, hayakutani tena mpaka ipite miyaa sabini na mbili. Nane kambeba mbili na nne mgongoni. Tisa kambeba tatu. Sita yumo humo humo. Mualike tano, na kumi atamfuata. Saba hana jamaa, aalikwe mwenyewe. Sabini na mbili mara tano, mara saba."

Maalim akakokotoa, akashika kichwa. "Elfu mbili, mia tano na ishirini! Tu?"

"Tu. Haba na haba hujaza kibaba, Maalim. Okoteni!"

Wakaokota. Zimwi likapanga.

Safu mbili?
Sawa!
Safu saba?
Sawa!
Safu tisa?
Sawa!
Safu kumi?
Sawaaa!

Zimwi likatafuta ya kubaki. Likatafuta kwapani, likatafuta ndevuni. Hakuna! Likanyanyuka, likaenda zake, na maji yakaruka juu kuliko paa la msikiti. Mji mzima ukapiga vigelegele: "Mwanatumu! Mwanatumu!"

Maalim akamnong'oneza, "Bibi, na lingetaka safu kumi na moja?"

"Ingebaki moja."

"Lahaula! Na kama lingeuliza?"

"Halikuuliza. Kunywa maji, Maalim."

Ngano yangu nimeimimina. Aliyeshiba acheke, mwenye kiu bado akinge mikono.