Kapu la Tusekile

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, kituo kimoja cha afya milimani Rungwe kilikuwa na kompyuta moja kuukuu. Tusekile alimleta hapo mwanawe Lusajo, mwenye miaka minne na tundu kwenye moyo.

Picha za moyo ule zilitakiwa kufika hospitali kuu Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Madaktari wa huko huketi mara moja kila miezi mitatu kuchagua watoto wa kupasuliwa. Ili siri za wagonjwa zisivuje, hupokea picha kwa mtambo mmoja tu wa mtandaoni, na mtambo una masharti: kompyuta au simu iwe imesasishwa, yaani imewekewa programu mpya, na kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, kiwe toleo jipya.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, karani Bupe akajaribu kutuma. Mtambo ukaandika: "Kivinjari chako ni cha zamani." Akajaribu tena. Ukakataa tena. Asangye, fundi wa kompyuta, akajaribu. Ukakataa.

"Pumzika kidogo, dada," Tusekile alimwambia Bupe, akamsogezea maji aliyomletea mtoto.

Saa sita ikapita. Tusekile akamfunga Lusajo mgongoni, akaondoka. Walibaki watatu: Bupe, Asangye na nesi Sekela.

Bupe akasema, "Kosa ni langu. Kila asubuhi kompyuta iliniomba niisasishe, nami nikabonyeza 'Baadaye'. Ingechukua saa nzima, na kina mama wako kwenye foleni na watoto wanalia. Miezi miwili nimebonyeza 'Baadaye', na leo yaliyolimbikizana yasingeisha kabla ya saa sita."

Asangye akasema, "Barua ya masharti ililetwa kwangu. Nilisoma nusu, nusu sikuielewa. Niliona haya kuuliza. Fundi anaulizaje?"

"Si uliibandika ukutani?" Bupe akamuuliza.

"Niliibandika. Halafu nikabandika ratiba ya chanjo juu yake."

Sekela akatoa simu mfukoni, mpya, bado ina nailoni kwenye kioo.

"Si ulisema yako imeharibika?" Bupe akauliza.

"Nilichoka kuazimwa simu, maana ya mtandao hapa ni yangu tu." Akamgeukia Asangye. "Hii ingekubali?"

Asangye akaitazama simu, akatazama chini. "Ingekubali. Tungehamisha picha kwa waya, dakika kumi tu."

"Mlipokuwa mkijaribu nilikuwa nimesimama hapo hapo," Sekela akasema. "Ningeitoa, mngejua nimewadanganya."

Kesho yake Tusekile akarudi na kapu la parachichi na ndizi. Lusajo alikuwa mgongoni, ingawa ni mtoto wa kutembea. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Mlihangaika na mwanangu mpaka mkasahau kula," akasema. "Mtandao ndio haukutaka, si nyie. Mle wote, ila aliyehangaika zaidi apewe lile parachichi kubwa. Tutangoja hiyo miezi mitatu, Mungu akitujalia."

Lusajo akawapungia mkono.

Hakuna aliyekula. Parachichi na ndizi zikaiva, zikalainika, zikaanza kunukia chumba kizima, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Nasi kwetu, mnajua, kapu la mtu halirudi tupu. Je, kati ya watatu hawa, nani alistahili kulirudisha kwa Tusekile, na aweke nini ndani?