Baka la Fundi Shekue

Mwamba ngoma huvutia kwake.

Niliisema methali hiyo siku ya Jumapili, mjukuu wangu Salha alipokuwa akiwalalamikia wenzake wa kazini. Amefanywa msimamizi kwenye karakana ya kushona sare za shule. Shule zinakaribia kufunguliwa na sare hazijakamilika. Tangu tulipoanza kula mpaka sahani zikaondolewa, ilikuwa kosa la mkataji, kosa la wapiga pasi, kosa la kila mwenye sindano.

"Umepatia, bibi!" akadakia. "Ndivyo walivyo hao, kila mmoja anavutia kwake!"

Nikacheka hadi kanga ikaniponyoka. Nuhu, mdogo wake, akauliza methali hiyo imetoka wapi. Basi nikawaambia wakae vizuri, maana ilianza hivi.

Zamani, katika mji mmoja wa pwani ya Mrima, palikuwa na fundi wa ngoma akiitwa Shekue. Mikono yake ilikuwa na nguvu, na mdomo wake nao haukubaki nyuma. Binti yake Tunu alikuwa anaolewa Ijumaa, na ada ya pale ni kwamba bibi harusi hatoki kwao mpaka ngoma ya baba yake ilie. Isipolia, harusi inaahirishwa, na watu wanapata la kusema kwa mwaka mzima.

Kuwamba ngoma si kazi ya mtu mmoja. Ngozi hulowekwa, ikalazwa juu ya mzinga, lile gogo la ngoma lililotobolewa ndani, kisha mafundi wakaizunguka na kuivuta pamoja ili ibanwe kwa vigingi. Shekue alisimama kwenye duara na wenzake, akavuta huku akifoka: "Mhina, unavutia kwako! Makame, na wewe! Vuteni sawa!"

Ngozi ya kwanza ilipokauka ikapasuka. Ya pili ikapasuka vile vile. Shekue akasema amezungukwa na wavivu. Wavivu wenyewe walikuwa wamechubuka viganja.

Ikabaki ngozi moja tu, ya ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe mgongoni, manyoya yake bado hayajanyolewa. Shekue akailaza mwenyewe, baka katikati kabisa.

"Leo nitamjua anayeniharibia kazi," akasema. "Baka likienda kwa mtu, ndiye."

Wakavuta. Shekue akafumba macho kwa juhudi, akafoka, jasho likamtiririka. Tunu akaja na uji wa mafundi, akatazama juu ya mzinga, akalazimika kuweka sufuria chini kwa kicheko.

"Baba," akasema, "baka limekuja kukuamkia."

Shekue akafumbua macho. Baka lilikuwa chini ya kidevu chake.

"Mbona hamkuniambia?" akawauliza mafundi.

"Tungekuambia saa ngapi, fundi?" akajibu Mhina. "Ulikuwa unatukemea."

Shekue aliona aibu, aibu ya kweli. Kisha akamtazama binti yake, akaangua kicheko.

"Kumbe mwamba ngoma huvutia kwake," akasema, "na mimi nina misuli kuwashinda nyote! Toeni vigingi tuanze upya."

Safari hii alitoka kwenye duara. Akazunguka taratibu, macho kwenye baka. "Makame, legeza kidogo. Mhina, ongeza." Mikono ilimwasha. Kila alipotaka kushika ncha ya ngozi, wote walipaza sauti: "Fundi, mikono nyuma!" Naye akairudisha nyuma kama mtoto aliyekutwa akidokoa nyama. Baka halikusogea.

Ijumaa ngoma ililia ikasikika mpaka ng'ambo ya mto, na Tunu akatoka kwao akicheza.

Nilipomaliza, Nuhu alikuwa anacheka. Salha hakucheka. Alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha meza.

"Bibi," akasema polepole, "pale kazini hakuna sare inayotiwa vifungo mpaka niikague mimi. Zimejaa mezani kwangu. Wao wanakaa wakinisubiri."

Nilimmiminia chai.

Akachukua simu, akampigia mkataji wake. Nikamsikia akisema kesho wasimsubiri, waendelee, na wakiona anang'ang'ania kitu wamwambie bila woga. Alipokata simu alinigeukia, uso umemchangamka.

"Mwamba ngoma huvutia kwake," akasema. "Na mimi nilidhani unawasema wao."

"Dada," Nuhu akaita, "mikono nyuma!"