Bi Sikudhani Aliyefagia Shamba

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na udongo mweusi?
Ukawa!
Pakawa na jembe la kuuchimba?
Likawa!

Haya, sogeeni. Na wewe unayepiga miayo, kalale, ngano yangu haibembelezi mtu.

Hapo kale palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Sikudhani. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti, jina lake Tunu. Bi Sikudhani alijulikana kwa usafi. Uwanja wake aliufagia asubuhi, akaufagia mchana, akaufagia jioni. Kuku akidondosha unyoya, yeye yuko nyuma yake na ufagio.

Yeye na jirani yake, Mama Chausiku, walipakana mashamba. Shamba la Chausiku lilijaa mabua, majani makavu, maganda ya kunde na mavi ya ng'ombe. Bi Sikudhani aliliita jaa. Alisema hivyo kisimani, akasema hivyo ngomani, akasema hivyo hata msibani, watu wakiwa wanalia.

Basi, posa ya Tunu ikaja kutoka ng'ambo ya mto, ikapokelewa, na harusi ikapangwa baada ya mavuno yajayo. Sasa sikilizeni vizuri, maana kazi yote iko hapa. Desturi ya nchi ile, binti haolewi mikono mitupu. Mama yake huchimba udongo wa shamba lake mwenyewe, mbele ya wakwe, na binti akaenda nao kuumwaga kwenye shamba lake jipya. Bibi wa bwana harusi huusugua kiganjani kwanza, huunusa. Ukiwa hai, vigelegele. Ukiwa umekufa, harusi haivunjiki, lakini binti huitwa Kaja-mtupu, na jina hilo huzeeka nalo.

Bi Sikudhani akawaza, "Wakwe watapita shambani kwangu. Wakute majani? Wakute mavi?" Akachukua ufagio, akaenda shambani.

Mnacheka. Nani kati yenu ameona shamba likifagiwa? Yeye alifagia. Akakusanya, akachoma, akafagia tena.

Jongoo akatoka chini ya majani. "Bi mkubwa, hiki ndicho chakula changu. Nikikitafuna kinakuwa udongo. Niachie kidogo."

"Toka, uchafu we. Wakwe wanakuja."

Jongoo akajikunja, akajikunjua, akavuka mpaka kwenda kwa Chausiku.

Akaja dudu wa mavi. "Bi mkubwa, mavi haya nayazika mimi. Mahindi yako huyala huko chini. Niachie kidogo."

"Toka, uchafu we. Wakwe wanakuja."

Dudu akasukuma donge lake kinyumenyume, akavuka.

Mwisho akaja nyungunyungu, moto umemtoa chini, ngozi imemkauka. "Bi mkubwa, mimi natoboa njia. Maji ya mvua hupita nilimopita, mizizi ikafuata nyuma. Na nina watu wangu, wadogo mno, huwezi kuwaona, kwenye kiganja kimoja cha udongo wamo wengi kuliko watu wa nchi nzima. Wao ndio hugeuza kilichooza kikawa chakula. Moto wako unawamaliza. Tuachie kidogo."

"Toka, uchafu we. Wakwe wanakuja."

Nyungunyungu naye akavuka, taratibu, na waliobaki hai wakamfuata.

Mvua ikanyesha. Kwa Chausiku maji yaliingia ardhini. Kwa Bi Sikudhani yaliteleza juu, yakaubeba udongo wake wa juu mpaka mtoni. Jua lilipowaka, shamba likakauka likawa gumu. Mahindi yakafika magotini, yakageuka manjano, yakaishia hapo.

Ndipo haya ikamwingia. Aliacha njia kubwa ya kisimani, akapita vichakani, kanga usoni. Chausiku akamfuata mlangoni. "Dada, nikuletee samadi na mabua? Bado kuna muda."

Bi Sikudhani alitaka kusema ndiyo. Wallahi alitaka. Lakini kinywa kilichosema jaa kisimani kilishindwa kuomba hilo jaa. Akasema, "Sina haja," akafunga mlango, akakaa nyuma yake akilia kwa haya.

Siku ya harusi ikafika. Wakwe wakaja na ngoma zao, mbele yao bibi wa bwana harusi, Bibi Nyamvula. Wakasimama kando ya shamba.

"Mama wa binti," Bibi Nyamvula akasema, "tupe udongo."

Bi Sikudhani akainua jembe, akapiga. Kkki. Jembe likaruka. Akapiga tena. Kkki. Akapiga mara ya tatu, mpini ukamchubua kiganja. Watu wakaanza kutazamana. Akamwona Tunu chini ya ushungi wake, anangoja udongo.

Basi akajisogeza mpakani, akawapa watu mgongo, akatanua kanga kama anayeifunga vizuri, akachota upande wa pili. Kwa Chausiku. Chausiku alikuwa amesimama pale pale. Aliona, akageuza uso.

Bibi Nyamvula akausugua, akaunusa. "Huu uko hai." Vigelegele vikaanza.

Mara, katikati ya kiganja cha bibi, kichwa kikachomoza. Nyungunyungu.

"Bi mkubwa," akamwambia Bi Sikudhani, kwa adabu kabisa, "safari hii wanitoa kwa Mama Chausiku wanipeleka wapi? Kwako ulishanifukuza."

Vigelegele vikakatika. Bi Sikudhani akatamani ardhi immeze, lakini ardhi yake ile hata kummeza ingeishinda.

"Ni kweli anayosema?" Bibi Nyamvula akauliza.

"Kweli." Sauti ilimtoka kidogo sana. "Nimeiba. Shamba langu nililiua mwenyewe, nikilifagia ili mnisifu. Mwanangu hana kosa. Naona haya, mama, sijui niuweke wapi uso wangu."

Bibi Nyamvula akaurudisha udongo ulikotoka, na nyungunyungu ndani yake. "Udongo wa kuibwa hauvuki mto. Binti hana kitu."

Tunu akasimama. Hakumtazama mama yake. Akavuka mpaka, akapiga magoti mbele ya Chausiku. "Mama, nakuomba udongo."

Chausiku akamtazama kwanza Bi Sikudhani. Bi Sikudhani akaitikia kwa kichwa. Chausiku akachimba kwa mikono, akajaza kipande cha kanga.

"Mama Tunu," akasema polepole, "mikono yangu ina tope. Njoo ufunge wewe."

Akaja. Akafunga fundo, machozi yakimdondokea juu ya kanga, akamtwisha mwanawe udongo wa mwanamke mwingine.

Na desturi ya nchi ile, bibi harusi huimbwa kwa jina la mwenye udongo. Ngoma zikalia, mwimbishaji akaanza: "Huyo anakwenda, binti wa nani?"

Watu wote wakaitikia: "Binti wa Chausiku."

Bi Sikudhani alitembea nyuma yao wote mpaka mtoni. Walipofika mahali pa kuitikia, aliitikia na yeye.

Nami ngano yangu imefika mpakani, sivuki. Utamu wake gawaneni, haya yake kila mtu aende nayo kwake.